Kwa wapishi wapya wa shughuli: wali wa mboga wa kupalia

Kila msimu wa harusi jikoni zetu hapa Lamu hupata mikono mipya, na kila msimu wali wa mboga wa kupalia, yaani wa kuwekewa makaa juu ya kifuniko, hutoka bokoboko kwa sababu ileile. Wanangu, nawapenda, ndiyo maana nasema. Kukuna na kukamua nazi mnajua, siwarudishi huko.

1. Mchele uchemsheni nusu tu. Bonyezeni punje kwa vidole: nje ilainike, ndani kiini kibaki kigumu. Hapo chujeni. Mkipika mtama badala ya mchele, hiyo ni habari nyingine: uloweke usiku kucha, uchemke mpaka ukaribie kuiva, maana hautaivia kwenye mvuke.

2. Maji ya mboga. Hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Mnapima tui kana kwamba mnapika wali mtupu, kisha mnapanga biringani mbichi, nyanya mbichi na mchicha mbichi. Mboga hizo ni zaidi ya asilimia 90 maji! Yote hayo yatashuka kwenye wali, yaende wapi tena?

Juzi nimelishuhudia hilo tena. Mboga zilikuwa zimevushwa kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, asubuhi hiyo, biringani bado zinang'aa. Binti mmoja, mwenye bidii kweli, akazikata vizuri, akazipanga tabaka kwa tabaka na wali, akamimina tui lote, akafunika, akapalia. Alipofunua, mchuzi ulikuwa umesimama juu ya wali, vipande vya biringani vinaelea, vyeupe, havijashika rangi wala chumvi. Badala ya kuyapunguza yale maji, akachochea moto wa chini ili yakauke. Chini kukaungua, juu bado maji, na harufu ya kuungua ikaingia kwenye tui. Harufu hiyo ikishaingia haitoki, hata utie iliki kiganja kizima. Wageni wameshakaa mkekani, masinia yanasubiriwa, na yeye anakoroga huku machozi yanamtoka. Kukoroga nako kukamaliza punje zilizokuwa zimesalia nzima. Niliumia kwa ajili yake, kwa sababu alifanya kazi kuliko wote na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Basi nawaambieni. Biringani itiwe chumvi, iachwe nusu saa, ikamuliwe, ikaangwe mpaka iwe kahawia. Malenge na viazi vikaangwe vishike ukingo. Nyanya zipikwe na kitunguu, thomu na bizari mpaka mafuta yapande juu; mkiona bado zinarukaruka, maji yamo. Mchicha upitishwe motoni, ukamuliwe kwa mkono. Bamia ikaangwe kavu kabla haijagusa kitu chochote chenye maji, isije ikatoa mlenda. Mkishafanya hivyo, tui linalobaki kuhitajika ni dogo: livuje katikati ya punje, lisionekane juu.

3. Ukwaju na ndimu vitiwe viazi vikishalainika. Ukali huzuia kiazi kuiva, mtapalia mpaka magharibi.

4. Tui la pili, lile jepesi, ndilo la kuchemshia mchele. Zito linyunyizwe mwisho, kabla ya kufunika, na lisichemshwe kwa nguvu likakatika.

5. Moto mwingi juu, kidogo chini. Makaa mengi yawe kwenye kifuniko, chini yabaki machache ya kushikia ukoko. Vifuu huwaka kwa nguvu na kuzimika mapema, kwa hiyo changanyeni na mkaa. Na tafadhali msifunue kila mara kuchungulia. Mvuke ndio unaopika, na kila mkifunua jivu linaingia. Anayepikia oveni aweke nyuzi 180, afunike kwa foili nusu saa, kisha aiondoe dakika kumi za mwisho juu pashike rangi.

Ukiiva, ondoeni makaa yote, mwache sufuria itulie robo saa bila kuiinamisha. Najua watu wa kupakua wanapiga kelele mlangoni. Wapeni kachumbari waanze kuipanga.

Ukoko ukwanguliwe kwa mwiko wa mti, si kijiko cha chuma. Sufuria hizo ni za kukodi, na mwenyewe hukagua mikwaruzo kabla ya kuzipokea.