Kwa binti yangu, kuhusu uji wa mjukuu wetu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imetufikia hapa Bukavu. Unasema kwamba mtoto anatimiza miezi sita mwezi ujao, kwamba mama mkwe wako anataka umlishe unga wa kopo wa dukani, ilhali wewe unafikiria kusaga masoso, unga wetu wa mahindi, soya na mtama, kama tulivyofanya sisi, na unatuomba tukuambie lipi lililo bora. Mama yako amesema nijibu mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikibeba nafaka hadi mashineni Kadutu. Kabla ya kopo na kabla ya mashine, hata hivyo, kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo ni uzito wa uji wenyewe. Mtoto halishwi maji.

Habari ya kaka yako Amani unaijua, ingawa nyumbani tumezoea kuikatisha njiani. Alipokuwa na miezi minane, shangazi yangu aliyeishi nasi alishikilia kwamba uji mzito hufunga tumbo la mtoto mchanga, na kwa heshima ya umri wake hakuna aliyembishia. Basi ukapikwa uji wa mahindi na sukari, mwepesi wa kunyweka kikombeni, Amani akaumaliza kila mara, akashiba, akalala. Siku ya kupima uzito mama yako alikuwa kitandani na malaria, nikampeleka mimi, mwanaume peke yangu kwenye benchi la akina mama. Muuguzi alimning'iniza mizanini, akatazama kadi, kisha akasema kwa sauti iliyosikika benchi zima kwamba mtoto huyu anaelekea kwenye bwaki, yaani utapiamlo mkali, na kwamba mama anayemtuma mume bila shaka ana biashara anayoipenda kuliko mwanawe. Sikumjibu. Maneno yale yananichoma hadi leo, kwa maana asubuhi ile mama yako alimnyonyesha huku akitetemeka kwa homa.

Mara nyingine najiambia kwamba muuguzi alikuwa na haki, kwani mstari wa kadi ulikuwa umelala kweli, na pengine bila ukali huo shangazi asingenyamaza. Kisha nakataa. Mizani ilikuwa imekwisha kusema yote. Hakukuwa na haja ya kumsingizia mgonjwa ambaye hayupo.

Aliyetutoa hapo ni jirani yetu, mama mmoja wa Kabare, ambaye alimfundisha mama yako kutengeneza kimea. Mtama uliolowekwa usiku kucha huachwa uchipue siku mbili tatu, huanikwa juani hadi ukauke kabisa, kisha husuguliwa hadi vichipukizi na mizizi yote itoke, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu, ndipo husagwa. Unapika uji mzito unaoshika kijiko, unauepua, ukipoa kidogo unatia kijiko kimoja cha unga wa kimea na kukoroga: uji unalegea wenyewe bila kuongezwa tone la maji, nao unaurudisha motoni uchemke tena. Kimea kikitiwa uji ukiwa bado unachemka, nguvu yake hufa. Baadaye nilisoma kwamba tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba takriban mililita 240 tu kwa mlo mmoja, nikaelewa kwa nini Amani alikonda huku akishiba. Nafasi ni ndogo, na mtoto halishwi maji.

Sisi tulichanganya vikombe viwili vya mahindi, kimoja cha mtama na kimoja cha soya. Soya usiifanyie haraka: ikaange hadi iive ndani, kwa kuwa soya mbichi humzuia mtoto kufaidi protini yake. Mashineni, omba isagwe kwanza nafaka kidogo ya kusafishia, unga huo wape kuku. Ukitia na karanga, yenye ukungu usiichague ukabakiza nzuri; itupe yote.

Halafu kuna sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Babu yako alipenda kukumbusha kwamba utotoni mwake samaki hawa hawakuwepo Kivu, kwani waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na mimi nashukuru kwamba waliletwa. Wakaushwe, wasagwe na vichwa na mifupa, kijiko kimoja kitiwe ujini. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo hupungua karibu na miezi sita, na mahindi peke yake hayairudishi. Huko Lubumbashi tumia kapenta, ni jamaa yao. Anza na milo miwili au mitatu kwa siku, kunyonyesha kuendelee, na asali isubiri hadi atimize mwaka.

Kuhusu kopo, unajua ninachofikiri, na ulimi unaniwasha kukiandika. Lakini mama mkwe wako ndiye aliye nawe usiku mtoto anapolia, na unga wa kopo uliopikwa mzito kwa maji yaliyochemka ni chakula. Masoso iliyotiwa maji mengi si chakula. Kwa hiyo sitasema. Pikeni wote wawili, wewe na yeye, kila mmoja sufuria yake, mmimine kwa kijiko mbele ya macho yenu, kisha uniandikie umeamua nini. Ukichagua kusaga, mama yako ana soya iliyokwisha kukaangwa, nasi tutampa msafiri wa kwanza atakayekuja huko.

Baba yako