Maswali ya Wasomaji: Kugeuza matatu kuwa gari la kulala safarini

SWALI: Nina HiAce iliyokuwa matatu ya abiria 14. Nimepata viti vinavyolazwa kuwa kitanda kutoka HiAce Super Custom iliyopinduka, pamoja na karavani kuukuu yenye friji, jiko na kabati. Nianzie wapi, na kipi nisichukue? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Anzia chini ya gari. Matatu nyingi za HiAce ziliingia nchini zikiwa vani za mizigo, viti vikafungwa hapa hapa. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, sakafu ni bati tupu pale viti vya Super Custom vitakapotaka boliti.

Chora nyayo za reli ambazo viti huteleza juu yake kwenye kartoni viti vikiwa bado vimefungwa katika gari la ajali. Reli zikishang'oka husogea, na kosa la milimita 5 tu hufanya kiti kigome kuteleza. Kila tundu lipate sahani ya chuma chini ya sakafu, sentimita 10 kwa 10, unene milimita 5, na boliti ya daraja la uimara 8.8. Washa ndogo (kile kiduara cha chuma cha boliti) peke yake hupasua bati breki zikifungwa ghafla, kiti kikang'oka na aliyekikalia. Usimruhusu fundi achomelee reli kwenye bati. Kabla ya kutoboa, lala chini ya gari uone tangi la mafuta na mabomba ya breki yalipo. Matundu yapakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Mikanda ya gari lililopinduka, tafadhali, iache. Mkanda uliokwisha kumzuia mtu katika ajali hauaminiki tena. Nunua mipya na boliti zake: uzi wake kwa kawaida ni wa inchi, 7/16, na boliti ya milimita ikilazimishwa kwenye tundu lake huula uzi huo.

Friji iuze. Za karavani kuukuu mara nyingi hazina kompresa, yaani pampu ya kubana gesi ya kupozea; hupoza kwa kuchemsha mchanganyiko wa amonia, kwa hiyo kwenye volti 12 hula ampea 8 hadi 10 mfululizo. Betri ya asidi ya Ah (ampea-saa) 100 haifai kushushwa chini ya nusu, maana yake baada ya saa tano au sita umeishiwa. Isitoshe, gari likisimama mteremkoni haipozi. Tafuta ya kompresa, uivutie waya wa milimita mraba 6, fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Waya wa milimita mraba 2.5, kwa mita 4 na ampea 10, hupoteza zaidi ya nusu volti, na friji hujizima ingawa betri bado ina chaji.

Jiko chukua, ila mpira na regyuleta viwe vipya. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutulia sakafuni, hivyo toboa tundu la kuitolea nje chini ya kabati la mtungi.

Kabati za karavani ni nyepesi na zinafaa sana. Tatizo ni kwamba mgongo wake umenyooka ilhali ubavu wa HiAce umejipinda. Kata kartoni ifuate ubavu kwanza, ndipo ukate mbao.