Ruta yako na kiboksi cha kampuni: amueni nani anagawa anwani

Juzi msomaji mmoja kaniandikia kwa uchungu. Kanunua ruta nzuri, ya hela nyingi, kaichomeka nyuma ya kile kiboksi cha kampuni ya intaneti chenye modemu (inayopokea laini ya kampuni) na ruta (inayogawa mtandao kwa vifaa) kwa pamoja. Mtandao umekuja. Lakini mwanawe akiwasha gemu anaambiwa NAT, yaani ile njia ya vifaa vyote vya nyumbani kutoka nje kwa anwani moja, ni "Strict" (imebanwa), na printa haionekani kabisa kwenye kompyuta. Kamalizia hivi: "Au nimeuziwa feki?"

Hujauziwa feki, ndugu yangu. Ruta yako ni nzima na kiboksi chao pia ni kizima. Tatizo ni kwamba sasa una ruta mbili, na fahali wawili hawakai zizi moja.

Hili nalijua vizuri kwa sababu lilinitesa. Kwangu kiboksi kilifungwa pale waya unapoingilia, chini ya meza ya televisheni, maana fundi hakutaka kusumbuka na waya mrefu. Chumba cha mwisho Wi-Fi ilikuwa ya kubahatisha, ukifunga mlango inakata. Nikanunua ruta yangu, nikaiweka kwenye korido katikati ya nyumba, na chumba cha mwisho kikapata mtandao kama sebule. Nikajipongeza. Baada ya hapo kamera ya mlangoni ikagoma kufunguka kila nikiwa nje ya nyumba.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea akaniuliza natumia kifaa gani. Nilipomtajia ruta yangu akacheka, kidogo tu lakini nilisikia. "Kaka, hicho sisi hatukitambui. Kitoe utumie cha kwetu." Nikamwomba basi aniwekee kiboksi chao kwenye hali ya daraja, kibaki modemu tu. Kimya. Kisha akasema huduma hiyo haipo.

Ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya menyu ya kiboksi hichohicho, ila imefichwa kwa anayeingia na akaunti ya mteja wa kawaida. Fundi aliyekuja baadaye aliiwasha kwa simu yake akiwa bado amesimama mlangoni. Kamera ikafunguka palepale. Kile kicheko hata hivyo sijakisahau, na sioni kwa nini nikisahau, maana bili nilikuwa nalipa kila mwezi bila kuchelewa.

Sasa tuje kwako. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta yako, utazame anwani ya IP, yaani namba ya kifaa mtandaoni, iliyo upande wa WAN, yaani ule unaotazama kiboksi. Ikianza na 192.168, au na 10, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, hizo ni anwani za ndani. Maana yake, mara nyingi, kiboksi kimeigawia ruta yako anwani, nayo ruta yako inavigawia vifaa vyako anwani nyingine. Gemu la mwanao linaiomba ruta yako ifungue mlango, nayo inafungua, lakini mlango wa kiboksi ulio mbele yake umebaki umefungwa. Printa nayo bila shaka iliachwa kwenye Wi-Fi ya kiboksi wakati kompyuta imehamia kwenye ruta mpya. Matangazo ya printa kwamba "nipo hapa" hayavuki ruta, kwa hiyo haziwezi kuonana.

Dawa ya kwanza ndiyo hiyo niliyonyimwa: hali ya daraja. Kwenye menyu nyingi imeandikwa "Bridge". Kabla hujaigusa, uliza mambo mawili. Je, laini yako inaingia kwa PPPoE, yaani kwa kujitambulisha kwanza kwa kampuni? Kama ndiyo, chukua jina la mtumiaji na nywila kutoka kwa kampuni mapema, kwa sababu sasa ni ruta yako itakayojitambulisha kwao, na usipokuwa navyo utakaa bila intaneti. Je, simu ya mezani au televisheni yako inapita kwenye kiboksi hicho? Kuna viboksi ambavyo ukiviweka daraja huduma hizo hukatika. Ukishabadilisha, zima vyote viwili, washa kiboksi kwanza, kikitulia ndipo uwashe ruta. Modemu nyingi za kebo hushikilia kifaa cha kwanza kilichoonekana, na bila kuzimwa zinakataa kingine.

Kampuni ikigoma kabisa, usikate tamaa, na usikubali kuchekwa. Kiambie kiboksi kipeleke kwa ruta yako kila kinachoingia kutoka nje: hiyo kwenye menyu huitwa DMZ, na unaandika pale anwani ambayo kiboksi kimeipa ruta yako. Au igeuze ruta yako iwe ya kurusha Wi-Fi tu, kwa kuzima ugawaji wake wa anwani, yaani DHCP, na kuchomeka waya kwenye tundu la LAN, yaani lile la vifaa vya ndani, badala ya WAN. Kwa njia hiyo kiboksi ndicho kinabaki mkuu, na unapoteza vitu kama kuwawekea watoto muda wa mtandao kwenye ruta yako, lakini printa na kompyuta zitaonana.

Njia yoyote utakayochagua, zima Wi-Fi ya kiboksi. Watu wanaiacha "kwa dharura", halafu simu zao zinaing'ang'ania hata ikiwa dhaifu, na zote mbili zinagombea hewa ileile. Kwenye masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, na majirani wameshajaa humo.

Kitu kimoja hakitibiki na haya yote. Ukishaweka daraja ukakuta anwani ya WAN iko kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo huna mlango wa kufungua. Waombe anwani ya IP ya umma, wengine huitoza, au tumia kamera inayopitia seva za mtengenezaji wake.

Ndugu zangu, tuache kuogopa vifaa tunavyovilipia. Mkipiga simu, msiseme "mtandao wangu una shida", maana mtaambiwa mzime na kuwasha. Semeni: "Nataka kiboksi kiwe kwenye hali ya daraja." Mkiambiwa haipo, ombeni fundi. Fundi akija, simameni naye, muone anabonyeza wapi, mpige picha ukurasa ule. Anayejua jina la kitu anachokitaka hachekwi kirahisi.

Picha hiyo mtaihitaji. Kampuni nyingi huvisimamia viboksi vyao kwa mbali, kwa itifaki iitwayo TR-069, na baada ya sasisho au kurudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani kiboksi kinaweza kuamka kimekuwa ruta tena, Wi-Fi yake imewaka bila kuulizwa. Siku gemu litakapoanza tena kulalamika, angalia kwanza ile anwani ya WAN kabla hujampigia mtu.