Silvanus si mwema wala si mwovu

Umeuliza kama mhusika wako anayemwabudu Silvanus, mungu wa mwitu, anamfuata mungu mwema wa Forgotten Realms, dunia ya kubuni ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Hapana, Silvanus hayumo kwenye kundi la miungu wema. Yuko katikati kabisa, na vitabu vya kanuni vya mchezo huo wa Dungeons & Dragons vinamwandika hivyo waziwazi. Anachojali ni mizani ya mwitu: mbwa mwitu akimrarua paa, kwake hakuna kosa lililotendeka.

Nadhani umemchanganya na Mielikki, mungu wa kike wa misitu. Huyo ndiye mwema, na alama yake ni kichwa cha farasi mwenye pembe moja. Ya Silvanus ni jani la mwaloni.

Ukitaka kuona ugumu wa imani yake, watazame madruidi (makuhani wa mwitu) wa Emerald Grove, kichaka chao kitakatifu, kwenye mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 (nimeucheza, na sehemu hiyo bado inaniuma). Wote wanamwabudu Silvanus. Halsin, kiongozi wao, anawahurumia wakimbizi waliojihifadhi hapo, ilhali Kagha, druidi mwenzake, anataka wafukuzwe na kichaka kizibwe kwa ibada ya miiba. Mungu mmoja, sanamu moja katikati yao, na kila upande unaamini unalinda alichokabidhiwa.

Ila hilo halimzuii mfuasi wake kuwa mtu mwema. Msimamo wa mungu haumfungi kila anayemwomba, kwa hiyo mhusika wako anaweza kubaki na huruma yake na bado akavaa jani la mwaloni. Jina la Silvanus lenyewe limetoka kwa mungu wa misitu wa Warumi wa kale.