Kwa nini "Karamu ya Mwisho" ya Leonardo ilibanduka mapema?

Swali: Michoro mingi ya ukutani ya Italia ya karne ya 15 ingali imara. Kwa nini ule wa Leonardo da Vinci, katika ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa Milan, ilianza kuharibika mwenyewe akiwa hai?

Jibu: Kwa sababu si fresko, ingawa wengi huiita hivyo.

Fresko halisi haina gundi. Rangi husagwa kwa maji matupu na kupakwa juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Kadiri lipu inavyokauka, chokaa hufyonza kaboni dioksidi hewani na kurudia kuwa jiwe, na chembe za rangi hunaswa humo humo. Hapo huwezi kubandua rangi bila kubandua ukuta.

Shida ni muda. Fundi hupiga lipu ya juu, nene milimita chache tu, kwa kipande atakachokimaliza siku hiyo. Baada ya saa kadhaa lipu hukataa rangi. Akikosea, hukikwangua kipande na kupiga lipu upya. Ndivyo mchoraji Domenico Ghirlandaio alivyofanya kazi, kipande kwa kipande, mwaka 1480 katika ukumbi wa watawa wa Ognissanti, Florence. Ukimulika fresko kwa mwanga wa kutoka ubavuni, maungio ya vipande huonekana, mara nyingi yakifuata ukingo wa kichwa au bega. Tazama pia sehemu za buluu: azuraiti, rangi ya buluu itokanayo na madini, haielewani na ukali wa chokaa, hivyo aghalabu ilipakwa kwa gundi lipu ikishakauka. Ndiyo maana hupukutika kwanza.

Leonardo alipenda kwenda polepole na kurekebisha. Kati ya 1495 na 1498 hivi, aliuandaa ukuta mkavu wa ukumbi ule wa Milan, kwenye monasteri ya Santa Maria delle Grazie, akaupaka utando wa rangi nyeupe ya madini ya risasi, kisha rangi zenye yai na mafuta. Hiyo ni mbinu ya kuchora kwenye ubao, na hapo ndipo kosa lilipo: ukuta hupitisha unyevu, na rangi iliyokaa juu yake bila kushikamana nao huinuka vigamba. Kufikia 1517, mgeni mmoja alikwishaandika kwamba mchoro unaharibika.

Waliofuata waliongeza gundi na rangi zao juu, wakazidisha madhara. Ukarabati wa 1978 hadi 1999, chini ya mkarabati Pinin Brambilla Barcilon, uliziondoa nyongeza hizo kidogo kidogo kwa msaada wa hadubini, na mapengo yakajazwa rangi ya maji hafifu inayoweza kufutwa. Leo wageni huingia makundi madogo kwa dakika 15, wakipitia milango inayofunguka kwa zamu ili vumbi na unyevu vibaki nje.