Usimwite Mzazi Aje Kutazama Tu

Barua za sherehe zinazotoka kwenye chekechea zetu hapa Uganda zinafanana: tarehe, kiasi cha mchango, bei ya kukodi joho la watoto wa Top (darasa la mwisho la chekechea) wanaohitimu, na ombi la kufika mapema. Nafundisha watoto wadogo Busia, karibu na mpaka, na najua barua hiyo inavyopokelewa. Mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote (UPE), ulioanza 1997, unahusu shule ya msingi tu. Chekechea karibu yote iko mfukoni mwa mzazi. Mama anayeuza nyanya sokoni amekwisha kulipa ada kwa shida, na sasa sherehe inamjia kama deni jingine. Wengine siku hiyo humwacha mtoto nyumbani kimyakimya. Hilo linaniuma sana, kwa sababu mtoto ameimba wimbo ule wiki nzima.

Walimu wenzangu, tuanze na kazi ambayo mzazi anaiweza. Mchango wa pesa uje baadaye, tena pale tu unapohitajika.

Sherehe inayofaa kuliko zote kwa hili ni ya mavuno. Huku mashariki mvua za kwanza hushika Machi, na kufikia Julai, muhula wa pili ukiendelea, mahindi mabichi, karanga na viazi vitamu vimejaa kila mahali. Tunaziomba familia zilete kidogo cha shambani, na asiye na shamba aje hivyohivyo. Akifika tu anapewa kazi: kumenya karanga na watoto, kuosha viazi, kukoroga uji wa wimbi, kusimamia moto wa mahindi nyuma ya jengo, mbali na watoto. (Wa Baby, darasa la wadogo kabisa, hatuwapi karanga nzima, zinaweza kuwakaba. Wao wanapata za kusaga kwenye mchuzi.)

Mwaka mmoja bibi aliyekuja kumchukua mjukuu wake tuliomba atuonyeshe kupepeta wimbi kwa ungo. Watoto walimzunguka wakimwita "Jaja! Jaja!" (yaani bibi), kila mmoja akitaka kushika. Mjukuu wake, mtoto ambaye darasani ukimuuliza jina anatazama chini, akaanza kuwaeleza wenzake: "Ukirusha hivi, makapi yanaenda na upepo." Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Tangu siku hiyo yule bibi akipita barabarani husimama kunisalimia na kuuliza mtoto anaendeleaje, na mimi napata kujua kama mtoto amelala vizuri au ana homa. Sherehe ikikuletea mazungumzo ya namna hii, imekulipa.

Akina baba wana mlango wao. Ukiwaita kikao, hawaji. Wengi hapa ni waendesha boda, wapakiaji wa mizigo, mawakala wa forodha, na siku yao huanza alfajiri. Ukimwambia baba kwamba bembea imekatika kamba na sherehe ya Uhuru ni tarehe 9 Oktoba, atakuja na nyundo. Wakati wanafukia matairi ya zamani uwanjani, watoto wanapaka bendera rangi nyeusi, njano na nyekundu, na kila mmoja anataka baba yake amwone akimchora korongo wa katikati. Tunaanza saa mbili asubuhi na kumaliza kabla ya saa nne, ili mfanyabiashara asipoteze siku.

Idd na Krismasi zinahitaji kuongea mapema. Idd huja mapema zaidi kwa kama siku 11 kila mwaka, hivyo angalieni kalenda kabla ya kupanga muhula. Shule hufungwa mapema Desemba, kwa hiyo Krismasi yetu huangukia mwisho wa Novemba. Kuku tunamwomba mzazi Mwislamu awachinje, ili chungu kiwe kimoja na watoto wote wale pamoja. Michezo ya kuigiza tunauliza kila nyumba kwanza: mtoto ambaye wazazi wake hawataki aigize jambo la dini, apewe ngoma apige au awakaribishe wageni mlangoni. Kumkalisha pembeni peke yake ni vibaya.

Msitangaze "mama na baba waje mbele." Kuna watoto wanaolelewa na shangazi, na wengine baba zao wako njiani na malori kuelekea Juba, Sudan Kusini. Semeni "mtu wako aje." Siku moja kabla, hakikisheni mnajua ni mtoto gani hatakuwa na mtu, na mpangieni mpishi au mlinzi anayempenda asimame naye.

Na lile joho, kusema kweli, silipendi. Mtoto wa miaka mitano anavishwa kitambaa kizito, anakaa juani akimsubiri mgeni rasmi, kisha anasikiliza hotuba zisizomhusu. Kwetu mama mmoja fundi cherehani alishona skafu za vitenge. Shule inazitunza na kuziazima kila mwaka. Hotuba ni moja, fupi. Picha anapiga mzazi yeyote mwenye simu nzuri.

Nasikia walimu wakisema wazazi wa siku hizi hawajali. Sikubaliani nao. Shule zilipofunguliwa tena Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili ya kufungwa kwa sababu ya korona, tulipokea watoto ambao hawakuwa wamewahi kumwacha mama yao hata asubuhi moja. Akina mama waliokuja kumenya viazi ndio waliowasaidia watoto hao kuzoea. Mtoto alilia kidogo, akamwona mama yake anacheka na mwalimu, akaenda kucheza.

Kama wewe ni mzazi na shule yako hutuma barua ya mchango tu, usingoje kuombwa. Nenda kwa mwalimu wiki mbili kabla ya sherehe umwambie kitu kimoja unachoweza kufanya, na saa unayoweza kufika.