Niliolewa na Kidonda Kichwani

Juzi usiku nimeletewa ujumbe na msichana wa Chake Chake. Anaolewa Mfungo Tatu. Mama mkwe wake mtarajiwa amemtaka atie dawa ya kunyoosha nywele, "usije ukatutia aibu siku ya kutolewa mbele za watu." Ananiuliza: dada, nifanyeje?

Mdogo wangu, kaa nikusimulie.

Nimezaliwa Wete. Mie na dada yangu ni baba mmoja, mama mbalimbali. Yeye alichukua singa za mamake, nywele zilizolala, mie nikachukua kipilipili cha mama yangu. Kila mkesha wa Sikukuu shangazi alitusuka uwani. Dada alianza, akapakwa mafuta ya nazi, akachanwa polepole, akasifiwa. Zamu yangu ilifika magharibi ikikaribia, mkono wa shangazi ushachoka, chanuo linavutwa kutoka shinani. Naye husema, "Hizi umezirithi kwa kina nani?" Pale uwani kila mtu alilijua jibu. Kwa kina mama yangu, watu wa shamba. Na nyuma ya "shamba" lilikuwepo neno utumwa, ambalo hakuna aliyelitamka. Nilikuwa na miaka saba na nililisikia.

Nilipoolewa, msusi alinitia dawa siku mbili kabla. Kichwa kilikuwa kimechubuka kwa kujikuna baada ya kufumua mabutu. Nikamwambia inaniunguza, akanijibu nivumilie, ndipo zinyooke. Dawa ile ina magadi makali, hukata viungo vya ndani ya unywele ndipo ukalala, na ikikuta mchubuko inakula nyama. Nilitolewa na dhahabu na asumini, huku maji ya kidonda yakinishuka nyuma ya sikio ndani ya mtandio. Shangazi akaja, akanishika kidevu, akasema, "Sasa umekuwa mtu."

Kidonda kilipona. Neno lile bado.

Miaka ya kuziotesha upya siisimulii. Nilikata, nikasubiri. Lakini mwezi uliopita ameolewa binti wa dada yangu, yule yule wa singa, na binti huyo ana kipilipili kama changu. Alikuja kwangu mwenyewe. Nilimsuka mistari myembamba kuelekea utosini, nywele zake tupu bila ya kuunga, maana kuunga kumekatazwa katika hadithi za Mtume na kwangu hilo halina mjadala. Nikamtia kikuba cha asumini na mrehani. Shangazi, sasa mtu mzima sana, alimtazama muda mrefu, akauliza nani kamsuka. Nikasema, "Mie, shangazi." Akanyamaza. Nilifurahi, na sioni haya kusema.

Wanaopima asili kwa nywele hawaijui Zanzibar yao wenyewe. Hapa mtoto wa suria, yaani mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake, alihesabiwa huru na wa kabila la baba, hata kama mama kaletwa kwa jahazi kutoka bara. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, mamake alikuwa suria wa Kihabeshi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo hadi 1909. Nyumba ngapi hapa hazina bibi wa namna hiyo? Basi wapo Waarabu wa kipilipili na watu wa shamba wenye singa, na anayeuliza "kwa kina nani" ajiandae kuulizwa na yeye.

Kwa hivyo, usitie dawa. Hasa usitie siku za karibu na arusi, na kichwa chenye mchubuko usikiguse kabisa. Usimjibu mkwe wako wewe mwenyewe. Umtume somo wako, yule anayekufunda, maneno ya ukweni yana njia yake. Amwambie kwa adabu kwamba bi arusi atasukwa nywele zake. Akiuliza kwa nini, somo amuulize aibu aliyoitaja ni ipi, kisha angoje aitamke. Wengi hawawezi kuitamka.

Na nywele zenyewe zitunze. Zirowanishe, zipake mafuta ya nazi, chana kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani kuja shinani. Usizichane kavu. Nasema tena, usitie dawa.

Niandikie siku ya arusi. Nitapanda boti nije nikusuke.